Kabati la Daktari Nasipwondi

Kibokoni, Mombasa
Jumanne

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Utafiti,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: MTAFITI WENU ANAYEFICHA MAJINA KUPITA KIASI

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wanakamati wote, na kwamba kiti chako hakikuumizi mgongo kama viti vya shule vilivyoniumiza mimi kwa miaka thelathini na minane ya ualimu. Sisi huku hatujambo, ila kwa jambo moja, nalo ni Daktari Becky Nasipwondi.

Daktari huyu mlimtuma kwetu mwaka jana achunguze kusoma na kuandika kwa vijana wa LGBTQ waliotolewa shuleni, na jinsi elimu inavyoweza kubadilika iwapokee. Baraza yetu ina majina mafupi zaidi ya vijana hao, lakini sitayaandika, kwa sababu karatasi hii niliinunua kwa ajili ya maneno ya heshima. Amepanga ghorofa ya juu ya nyumba inayotazamana na yangu. Nakiri kwamba ana adabu. Alikuja kutoka bara akiamkia watu kwa "habari" kavu, na sasa huulizia afya ya mtu, ya mkewe na ya paka wake kabla hajavuka kizingiti. Simlalamikii tabia. Namlalamikia kazi, na nieleze mapema kwamba sina maslahi yangu binafsi katika jambo hili. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Daktari huuliza, hajibu. Kwenye baraza yetu habari hubadilishwa kwa habari. Kiti, muuza kahawa wetu, amemmiminia vikombe kwa miezi minane, na tulichokipata ni kwamba mamake yuko Bungoma na jino lake la nyuma halitaki halua. Vijana kumi na tisa amezungumza nao, mahali tusipopajua. Wanaitwa nani? Ni watoto wa nani? Hasemi.

2. Ana kabati la chuma. Ndani mna karatasi za majina, na ufunguo ameuvaa shingoni. Mke wangu alijitolea, kwa moyo mweupe kabisa, kwenda kulipangusa vumbi. Alishukuriwa, akapewa chai, akarudi na kitambaa kisafi kama alivyoondoka nacho. Ndugu Mwenyekiti, huu ni mji ambao ukipiga chafya Kibokoni, Majengo wanakuombea rehema. Siri kumi na tisa zimekaa mtaani mwetu miezi minane bila hata moja kuvuja. Jambo hili halijawahi kutokea, na watu wakiona kwamba linawezekana, mila yetu itakufa.

3. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, Daktari aliniletea rasimu ya ripoti yake nimsahihishie lugha. Nikashika kalamu nyekundu, nikaenda vizuri mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Hapo Mshiriki wa Saba (hawana majina, wana namba kama wachezaji wa mpira) anasimulia kwamba alijua kusoma kabla ya kuanza shule. Kila Ijumaa alasiri babu yake alimpitisha vichochoroni, asome vibao vya maduka: fundi saa, muuza halua, fundi cherehani. Akikosa kimoja, walirudi mwanzo wa njia. Akivimaliza vyote, kashata.

Nami nimefanya utafiti wangu. Nimewauliza mababu wa baraza tatu. Hakuna aliyefundisha hivyo ila mmoja, naye ndiye anayekuandikia. Mjukuu wangu ██████ sasa ana miaka ishirini, na aliondoka nyumbani miaka miwili iliyopita. Nimelitaja hili kwa kupita tu.

4. Mshiriki huyo anasema daftari lake lilikutwa na barua aliyomwandikia mvulana mwenzake, babu akaitwa shuleni, na mwalimu mkuu akampa fomu ya kukubali kwamba mtoto aondolewe. Anasema babu hakufoka wala hakuuliza kitu. Alitia saini, akauliza kalamu ni ya nani, akairudisha.

Haya yote ni kweli, na ndiyo maana nayapinga. Utafiti huu ni wa upande mmoja. Haukuandika kwamba babu alipofika nyumbani alikaa na viatu miguuni mpaka magharibi. Haukuandika kwamba aliisoma ile barua, akaona imeandikwa vizuri kuliko barua zote alizowahi kusahihisha, na akakosa mtu wa kumwambia. Nilimwomba Daktari aniandikishe niwe Mshiriki wa Ishirini. Akasema utafiti ni wa vijana wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano. Mimi nina sabini na minne. Naomba Kamati iongeze umri kidogo.

5. Ukurasa wa hamsini unaeleza kwamba Mshiriki wa Saba sasa anawasomesha wenzake kumi na mmoja, waliokatizwa masomo kama yeye, na anawasomesha kwa vibao vya maduka. Daktari ameisifu mbinu hiyo kurasa sita nzima. Nyuma ya ripoti ameorodhesha wataalamu sitini na wawili, wengi wao walishafia Ulaya, na mimi niliye hai, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni mwake, simo. Nilipodai haki yangu, akaniambia kwa upole kwamba akinitaja mimi atakuwa amemtaja yeye. Yaani nimefutwa mimi ili mjukuu wangu asionekane. Sijawahi kuvunjiwa heshima kwa sababu nzuri kiasi hicho, na nimeudhika.

6. Nyumba yetu ina sanduku la msahafu uliogawanywa juzuu thelathini, na kila Ramadhani tunapokhitimu, kila mtu ana juzuu yake. Ya ██████ ni ya ishirini na moja. Ramadhani mbili sasa naisoma mimi, juu ya ile yangu, na macho yananikataa. Nilimuuliza Daktari kama Mshiriki wa Saba bado anasoma, na kama anakula. Sikuomba jina wala mtaa. Nilimwomba atikise kichwa tu. Alinishika mkono, machozi yakamlengalenga, na kichwa hakikutikisika. Ni mtu wa namna gani huyu? Kanuni zenu zimemgeuza jiwe.

Nina hamu ya kumwona mjukuu wangu. Hilo sikulipa namba.

Kwa hayo yote, naomba Kamati imlazimishe Daktari afungue kabati. Ikishindikana, amfungulie mtu mmoja tu, mwenye umri wa busara, kwa dakika tano. Ikishindikana hata hilo, mhamishieni Kizingo, ambako watu hupita ndani ya magari yao na hakuna amuulizaye mwenzake kitu. Huko siri zake hazitamkera mtu. Mke wangu huniambia, "Mjukuu ni wako, wawaandikiani watu wa chuo?" Yeye hajui taratibu za ofisi.

Wasalimie wanakamati wote, karani atakayeifungua barua hii, na tarishi atakayeileta, na mwambieni asisahau kunywa maji na jua hili. Wazazi wako, kama wako hai, tunawaamkia.

Ni mimi, mwalimu mstaafu ambaye subira yake imefika ukingoni,

██████████████
Mshiriki wa Ishirini

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshaingia bahashani leo alasiri, walipofika barazani watu wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi. Waliamkia vizuri kuliko hata Daktari. Walisema ni jamaa wa kijana mmoja, wakataka kujua yule mama wa chuo hukutana na nani, na majina ya wale vijana, hasa huyo anayewasomesha wenzake. Walikuwa wakitabasamu. Mmoja wao alikuwa amekunja ngumi, na sidhani kama mwenyewe alijua. Baraza nzima ikanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kila kitu. Nikasema Daktari anachunguza mapishi ya biriani, na sisi sote tumeshahojiwa. Kiti akaongeza kwamba yeye alihojiwa mara mbili, kuhusu viazi. Wakanywa kahawa yao, wakaenda zao, na mimi, kwa kuogopa, niliwafuata kwa macho mpaka walipopinda kona.

Basi naomba malalamiko yote sita myatupe. Kabati lisifunguliwe kwa yeyote, na kwangu mimi kuliko wote. Nimempelekea Daktari kufuli la pili, lililokuwa la sanduku la marehemu mamangu. Barua nimeitoa bahashani, na jina la mjukuu wangu na langu nimeyafuta kwa wino. Tafadhali msiiinue karatasi kwenye mwanga.

Ikiwa kanuni zenu zinaruhusu, Mshiriki wa Saba aambiwe haya. Juzuu ya ishirini na moja ipo sandukuni. Ile saini sikupaswa kuitia. Na kwenye njia yetu yamefunguliwa maduka mawili mapya, yana vibao, na mimi kwa macho haya siwezi kuvisoma. Kila Ijumaa nikifika hapo, narudi mwanzo wa njia.