Mkanda wa Meno Sabini na Moja

Jumatatu, 2 Novemba

Balaa. Nimerudi kutoka kazini, nimeiwasha darubini ya baba mkwe, kuijaribu tu. Mota inaimba. Darubini imesimama. Nikabonyeza kitufe cha kulia, cha kushoto, cha juu, cha chini. Mota ikaimba kwa sauti nne tofauti. Darubini haikusogea hata unywele.

Nikafungua kifuniko cha stendi kwa kisu cha mkate. Bisibisi haionekani. Ndani kuna mikanda miwili ya mpira yenye meno: wa chini wa kuizungusha darubini, wa juu wa kuiinua. Mota huzungusha gurudumu dogo, gurudumu dogo huvuta mkanda, mkanda huvuta gurudumu kubwa, na darubini inaifuata nyota taratibu. Ndivyo inavyotakiwa. Mikanda yenyewe imekauka, imepasuka, na meno yake mengine nimeyakuta yamemwagika chini kama makombo. Miaka miwili stoo, chini ya bati. Mzee aliponiachia alisema niiweke ndani ya nyumba. Lakini ndani nafasi iko wapi?

Jumamosi Mzee anakuja. Jicho lake la kushoto lilizima zamani. La kulia lina mtoto wa jicho, na Jumatano ya wiki ijayo anapasuliwa. Daktari kasema pengine itakuwa sawa. Mzee kapima ardhi miaka thelathini na nne, neno pengine halitambui. Anataka aione Zohali na pete zake kabla ya kisu, basi. Mikono inamtetemeka, hawezi kuisukuma darubini mwenyewe. Bila mota, nyota itakuwa imeshatoka kwenye kioo kabla hajaipata.

Na siku hiyohiyo ataamua darubini ibaki kwa nani moja kwa moja: kwangu, au kwa mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Huyu anatengeneza printa na mashine za fotokopi. Ukoo mzima unamwita Fundi. Mimi wananiita "huyu".

Mke wangu kasema nimpigie baba yake nimwambie ukweli, au nimpigie Fundi aje. Mficha uchi hazai, kasema. Nikamkumbusha kwamba tuna watoto watatu.

Jumanne, 3 Novemba

Nimehesabu meno. Kuhesabu ndiyo kazi yangu. Mtunza stoo wa shule, mwaka wa kumi na tisa huu. Chaki, madaftari, mafagio. Hakijawahi kupotea hata kifutio. Nikaketi mezani na mkanda wa chini na viberiti viwili, jino moja njiti moja. Meno 71. Nikarudia. 71. Mkanda wa juu, 66.

Nikapiga simu duka la vipuri. Dada wa dukani akauliza kama nina uhakika, maana 71 ni namba ambayo haiulizwi sana. Nikamwambia mimi nilianza kuhesabu kabla yeye hajazaliwa. Akasema sawa baba. Mzigo utafika Alhamisi.

Jioni Fundi kaja kuleta viti vya Jumamosi. Nikawahi kuifunika darubini kwa shuka. Akauliza ile ni nini. Nikasema nguo za kupiga pasi. Akaitazama, inamfika kidevuni, akasema nyinyi mna nguo nyingi. Akauliza darubini inaendeleaje. Nikasema inakwenda kama maji. Akanitazama mikono. Nyeusi tii, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikasema ni wino. Mtu anayeshinda na wino kutwa nzima akasema, aha.

Anajua kitu? Hajui. Atajulia wapi?

Jumatano, 4 Novemba

Nimewaza sana kazini. Kwa nini nisubiri duka? Tyubu ya baiskeli ukiikata vizuri ni mkanda tu. Mpira ni mpira. Nikachukua mkasi wa mke wangu, nikakata mikanda miwili, nikaivalisha. Baiskeli nitaifikiria baadaye.

Saa kumi na moja jioni nikaitoa uani, nikalilenga tangi la maji la shule, nikawasha. Ikatembea! Nilipiga kelele peke yangu. Ikalipita tangi. Ikaipita nguzo ya umeme. Hapo tyubu ikateleza, ikajivuta, ikaachia, na darubini ikageuka kwa nguvu ikasimama imeelekea dirisha la jikoni kwa jirani yetu, muuguzi mstaafu. Nikainama kwenye kioo nijue imelenga wapi hasa. Hilo lilikuwa kosa. Nilimwona kichwa chini miguu juu, maana kioo hiki hupindua kila kitu, sufuria mkononi, ananitazama.

Kaja. Kaniita mtu mzima ovyo. Nikamweleza kwamba huu ni utafiti wa anga. Akauliza anga gani iliyoko jikoni kwake. Mke wangu akamwomba radhi. Muuguzi akamwambia anamhurumia sana. Mke wangu akamshukuru.

Kesho nakwenda kazini kwa miguu.

Alhamisi, 5 Novemba

Mikanda imefika! Mipya, myeusi, inanukia duka.

Mifupi.

Wa chini umelikosa gurudumu kubwa kwa vidole viwili. Nimeuvuta mpaka nimeuma meno, haufiki. Nikapiga simu dukani kulalamika, na nilianza kwa sauti ya juu. Yule dada akangoja nimalize. Kisha akauliza kwa upole, ule wa zamani ulikuwa na mapengo? Nikasema mengi, ndiyo maana nanunua mpya. Akauliza, na mapengo uliyahesabu, baba?

Nikamwambia stoo haihesabiwi hivyo. Unahesabu kilichopo rafuni. Kisichokuwepo hakihesabiwi, utakihesabuje? Nadhani aliiziba simu kwa mkono, lakini nilisikia watu wanacheka. Mingine itafika Jumatatu, kasema. Jumatatu! Mzee ni Jumamosi.

Basi mbinu nyingine: kuurefusha. Nikautundika mkanda kwenye kitasa cha mlango wa bafu, chini yake nikafunga ndoo ya maji, lita ishirini. Uzito na subira. Nilichosahau ni kwamba mke wangu yumo bafuni. Akafungua. Maji yamefika mpaka sebuleni. Mkanda haukurefuka hata kidogo, kumbe ndani una nyuzi za waya. Kitasa kimeng'oka.

Mke wangu kachukua tambara. Kadeki, kachukua simu, katoka nje kuongea na dada yake. Muda mrefu.

Naogopa. Nasema kweli, hapa hakuna anayesoma. Si kwa ajili ya Fundi tu. Yule mzee aliniozesha binti yake bila kuniuliza nina nini. Kaniomba jambo moja tu maishani, niiweke darubini ndani. Jumamosi akiinama pale asione kitu, na Jumatano mambo yakaharibika, nitamtazama vipi? Na yeye atanitazama kwa jicho gani?

Ijumaa, 6 Novemba

Nimepata akili. Nitaiba.

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema nina mgonjwa. Nikaenda kwenye karakana ya Fundi na bahasha ya karatasi za shule, eti natoa nakala. Ana kabati la droo nyingi, kila moja imeandikwa kilichomo. Karatasi. Wino. Mikanda. Akanikaribisha vizuri, akauliza darubini inaendeleaje. Kama maji, nikamwambia. Akasema basi keti, anakwenda kufuata chai, atachelewa kidogo. Alipofika mlangoni akageuka akarudia kwamba atachelewa kidogo.

Masikini ya Mungu! Kuacha karakana wazi na mtu kama mimi ndani.

Nikafungua droo. Juu kabisa, ndani ya bahasha nyeupe, mikanda miwili mipya. Nikatoa ile mikuukuu mfukoni nikalinganisha. Sawasawa! Upana, urefu, kila kitu. Nikahesabu palepale: 84 na 72. Bahati ikikupenda, imekupenda. Nikaitia mfukoni, nikaketi, nikakunja mikono kama mtu aliyekuja msibani. Chai ikaja baada ya nusu saa, imepoa. Nikanywa vikombe viwili. Wakati wa kuagana Fundi akaniambia nisisahau kukaza skrubu zote. Nikashtuka, nikauliza skrubu za nini. Akasema, za maisha. Anapenda sana maneno ya namna hiyo.

Jioni nimevalisha mikanda. Inakwenda! Kulia, kushoto, juu, chini. Mke wangu kaniangalia, kanipa hongera, kauliza mikanda imetoka wapi. Dukani, nikasema. Akasema ehee.

Mezani imebaki skrubu moja, ndogo kama punje ya mchele. Viwandani huwa wanaweka za akiba. Nimeifagia.

Jumamosi, 7 Novemba

Naandika nimekaa, magoti hayataki kitu kingine.

Mzee kafika saa kumi na mbili na fimbo yake na koti la kazini. Jirani muuguzi naye kaja, kasema anataka kuuona huo utafiti wa anga ukifanywa juu badala ya jikoni. Saa moja na nusu giza lilikuwa limekolea. Nikailenga Zohali. Pete zake safi, kama zimechorwa kwa rula. Mota ikaimba, nyota ikatulia katikati ya kioo. Nikamwita Mzee. Nikamtupia Fundi jicho la pembeni, aone.

Mzee akaketi, akainama. Akasema bado. Tukangoja. Akasogeza kichwa, akapepesa, akasema bado. Kisha akasema, naona duara. Na hapohapo nikasikia tik. Gurudumu dogo limechomoka kwenye mota. Ile skrubu.

Mzee akasema, inaondoka. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia hivyo. Inaniacha, akasema.

Sikufikiri. Nilipiga magoti nyuma ya stendi, nikang'oa kifuniko, nikaweka kidole kwenye gurudumu kubwa la chini, nikazungusha. Mzee akasema imerudi. Nikaongeza. Akasema inapita. Nikapunguza. Akasema hapo, hapohapo. Baada ya muda nikaona mtu kapiga magoti upande wa pili, kashika gurudumu la juu. Fundi. Akaanza kuhesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, nami nikazungusha kwa hesabu yake. Nilijua anataka kuninyang'anya sifa, lakini mikono ilikuwa na kazi.

Dakika arobaini! Jasho likaniingia machoni, nikaliacha. Huku juu Mzee anatusimulia kama anasoma barua. Nyota moja, ya manjano. Pete. Halafu pengo jeusi upande huu, pengo jeusi upande ule. Akayataja mapengo mara tatu. Yeye naye anahesabu mapengo, sijui watu wana nini wiki hii.

Mwisho akainua uso, akafuta jicho kwa kitambaa. Akasema mota ni nzuri sana, ila yeye kafanya kazi na mashine miaka thelathini na nne na hajawahi kusikia mota inayohema.

Uani wakacheka wote, muuguzi kuwashinda. Mke wangu akatoboa kila kitu: bati, tyubu, ndoo, kitasa. Kumbe juzi nilipolala alichukua mikanda ya zamani akahesabu meno pamoja na mapengo, akampa Fundi namba kwa simu. Fundi ndiye aliyeiweka bahasha juu ya droo, kisha akazunguka jengo nusu saa nzima na chai mkononi ili niibe kwa nafasi. Nikasema kama ni hivyo basi sikuiba, nilipewa. Wakazidi kucheka.

Mzee akaniita karibu, akafungua kinywa. Akaniambia nihesabu. Meno kumi na moja. Akasema, sasa nikikutuma uniletee taya la bandia, utaniletea la meno kumi na moja? Nikasema hapana baba. Sikuona inahusiana vipi.

Kisha akaamua. Darubini ibaki kwangu, maana mota ya namna hii haiuzwi dukani. Bisibisi zikae kwa Fundi. Na iwekwe ndani ya nyumba, akasema, ndani. Nikaapa. Akaushika mkono wangu, uleule wa grisi, hakuuachia haraka. Akasema Jumatano jicho likipona, alhamdulillahi. Lisipopona, pete ameshaziweka mahali pake na hakuna wa kuzichukua. Nikainama chini nikajifanya natafuta skrubu.

Alhamisi, 12 Novemba

Mzee anaona! Bandeji imetolewa leo asubuhi. Kamsoma daktari jina lake kifuani, kisha kamwambia shati lake limefungwa kifungo cha pili kwenye tundu la tatu. Mke wangu kalia, mimi nimelia, Fundi kalia kwa sauti kunishinda, kama kawaida yake ya kutaka kuwa wa kwanza.

Anataka aitazame Zohali tena Jumamosi ya wiki ijayo, safari hii kwa mota yenyewe. Fundi kapiga simu mara mbili, kasema ana skrubu ya saizi ile, aje aifunge, ni dakika tano. Nimemwambia asijisumbue, inakwenda kama maji. Nimechomeka pini ya nywele ya mke wangu. Chuma ni chuma.

Mke wangu kasisitiza niandike vipimo vya mikanda kwenye daftari, isije ikatusumbua tena siku za mbele. Ni wazo zuri. Nimemwaga njiti mezani, nimehesabu upya ule mkanda wa zamani, taratibu, bila haraka. Nimeandika kwa wino mwekundu na kupigia mstari: mkanda wa chini, meno 71.

Darubini nimeirudisha stoo kwa sasa. Viti vya Fundi bado viko sebuleni, sijavirudisha. Ndani nafasi iko wapi?