Anayeunyonyoa Mpera wa Ploti

Nyumba ya Kona,
Otonglo.
Februari, jua kali.

Kwako Mama Ivy, mwenye ploti,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumai wewe na Ivy mu wazima. Mimi si mzima, nina hasira, ila nitaeleza kwa utaratibu.

Unamkumbuka Byron, yule mwanafunzi jirani yangu. Alipohama Aprili mwaka jana aliniachia ndoo iliyofunikwa neti, ndani yake wadudu vijiti, wale ambao huwezi kuwatofautisha na kijiti kikavu mpaka wasogee. Aliniapia wote ni wa kike, kwa hivyo nisiogope watazaana. Niliwapokea kwa huruma tu, na sasa nawapenda kama wanangu. Mkubwa wao nimemwita Winny.

Byron aliacha pia karatasi ya maelekezo kutoka Ulaya: theluji ikianguka na miti ikipukutika, wapewe majani ya kichaka fulani cha miiba. Mama Ivy, theluji haijafika Otonglo. Baridi yetu ni hiki kiangazi, na jani pekee la kijani wanaloweza kula ni la mpera ulio katikati ya ploti. Lisipokuwepo, Winny atakufa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpera unanyonyolewa. Krismasi ulikuwa na kivuli cha kutosha harusi. Leo unafaa kuanikia nguo tu.

2. Mhalifu namjua. Mzee Oluoch wa mlango wa pili huchemsha majani ya mpera kila tumbo likimsumbua, na tumbo lake halijui likizo. Nilipomsihi angoje mvua aliniuliza mbele ya watu, "Sasa Mama, mimi nihare juu ya dudu?" Nililia, Mama Ivy.

3. Mpangaji mwenzangu Kageha naye huyachemsha kwa kikohozi, yeye na kwaya yake nzima. Naomba utoe tangazo kwamba hakuna mpangaji anayeruhusiwa kuugua tumbo wala kifua mpaka mvua inyeshe. Anayetaka kuugua aende kwao.

4. Mwenye kuutunza mti huo ni mimi peke yangu. Kila Jumamosi nafagia ndoo ya Winny na kumwaga taka zote chini ya mpera ziwe mbolea, pamoja na vimbegu fulani vya mviringo ambavyo hutapakaa humo, sijui hutoka wapi. Nani mwingine huurudishia mpera chochote?

5. Maonyo yametosha. Yeyote anayemaliza majani hayo afukuzwe kabla ya Pasaka, yeye, watoto wake na wajukuu wake. Asisikilizwe akilia. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nisalimie Ivy, paka wenu, na Bwana Karanja anayetukumbusha kodi kwa upole.

Mpangaji wako mtiifu,
Dorca Akello

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilipanda ngazi nione majani yaliyobaki. Kijitawi nilichoshika kikatembea. Nikashika kingine, nacho kikatembea. Mpera mzima umejaa wana wa Winny (kumbe hutaga hata bila dume), wamenenepa ajabu, na pale chini vile vimbegu vyangu vinapasuka na kutoa miguu. Mzee Oluoch, aliyenishikia ngazi, amecheka mpaka tumbo limemshika tena, na hakuna jani la kumchemshia. Kuhusu ile namba tano, Mama Ivy: sisi tu wengi, watoto bado wadogo, na mvua haijanyesha. Tafadhali tusikilizwe tukilia.