Kinanda cha Kanisa Kihesabiwe Zizini Kwangu

Jilala Masele,
Kijiji cha Ujamaa Nguvu Moja,
Bariadi.
Alhamisi, 7 Agosti 1975

Kwa Bwana Mifugo wa Wilaya.

YAH: MAKSAI WANGU ALIYEMO NDANI YA KINANDA CHA KANISA

Ndugu Bwana Mifugo,

Mwangaluka. Naamini u mzima na pikipiki yako ina mafuta, maana Jumatatu tunakutegemea kijijini kuhesabu ng'ombe. Walio zizini kwangu ni kumi na mmoja. Mimi nina kumi na wawili. Huyo mwingine yuko kanisani, na ndiye aliyenishikisha kalamu.

Kinanda chenyewe ni cha mabomba. Kililetwa zamani za Mjerumani, vipande vipande, vichwani mwa watu kutoka Mwanza, na babu yangu alibeba bomba refu kuliko yote akiamini ni mzinga wa vita. Baadaye panya walikula mivukuto, yaani ile mifuko ya ngozi inayosukuma pumzi, na mabomba yakatawanyika kutafuta riziki. Moja lilikuwa dukani kwa Khatibu likitumika kumiminia mafuta ya taa. Mawili yalikuwa mfereji wa paa la zahanati. Mwaka jana Bruda Januarius, fundi wa misheni, akatangaza kwamba kinanda kitafufuliwa kwa kujitegemea, bila kuagiza kitu ng'ambo. Khatibu, ambaye ni Mwislamu, alirudisha bomba lake akiwa amelisugua kwa majivu. Mimi sijabatizwa, lakini sikutaka kushindwa na muuza duka.

Wiki hiyohiyo ukame ulikuwa umemwangusha Ngosha, maksai wangu. Nililima naye pamba misimu tisa. Nilimpenda, wala sioni aibu kuliandika hilo katika barua ya serikali. Bruda aliichukua ngozi ikiwa mbichi, akailainisha kwa samli, akashona mivukuto. Pasaka kinanda kikalia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngosha hajafa. Kwetu ng'ombe hahesabiwi amekufa mpaka ngozi yake iwambwe chini kwa vigingi na watu waione. Ya Ngosha haikuwambwa. Ilitoka kwangu mbichi, na sasa inajaa pumzi na kupungua mbele ya waumini mia mbili. Nyama tulikula, nakiri, lakini hilo ni jambo dogo.

2. Anafanyishwa kazi kupita kiasi. Kwangu alilima msimu wa mvua, akapumzika. Kanisani hulima kila Jumapili, tena Jumatano na Ijumaa kwenye mazoezi ya kwaya, na hajapewa hata jani moja la nyasi. Nadhani tulikubaliana nchi nzima kwamba unyonyaji umekwisha.

3. Bomba alilobeba babu yangu likipigwa, ni sauti ya Ngosha kabisa. Ng'ombe wangu wote huacha malisho na kwenda kumsikiliza. Jumapili iliyopita walisimama mlangoni hadi mwisho wa mahubiri, na Baba Paroko akatangaza altareni kwamba anafurahi kuona nyumba ya Jilala imeongoka, amebaki Jilala tu. Watu walicheka. Mke wangu Milembe alicheka kuliko wote.

4. Uzao. Unaijua desturi: nikiweka ng'ombe kwenye zizi la mwenzangu, yeye anywe maziwa na atumie samadi, lakini ndama ni wangu. Kabla ya Ngosha kwaya ilikuwa na watu sita. Leo wako thelathini na mmoja. Ndama wangu kwa hiyo ni ishirini na watano. Joakim, mwalimu wa kwaya, anadai maksai hazai. Hilo walieleze wao, ndio wenye elimu ya miujiza. Sina tamaa, wale wa sauti ya nne wabaki kanisani, kwa kuwa wanakula sana.

5. Ndoa tatu zimefungwa kwa pumzi yake. Watoto watakaozaliwa nitawapokea wakishaacha kunyonya.

Kwa hiyo nakuomba uje na daftari, umwandike Ngosha kwangu, na uamuru arudishwe nyumbani pamoja na uzao wake. Nakala ya barua hii nimempa Bruda ili asije akasema nimemvizia.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, karani wako na pikipiki.

Mimi mwananchi mwenzako katika ujenzi wa taifa,
Jilala Masele

N.B. Leo ni Jumapili, sijaipeleka barua. Jana Bruda alikuja, akaiweka ngozi mlangoni, akavua kofia. Milembe akaleta vigingi aiwambe. Nikamwambia angoje. Asubuhi hii kinanda hakikulia, na ng'ombe kumi na mmoja walikwenda mlangoni mwa kanisa wakasimama kimya. Nilisimama nao. Halafu nikakimbia nyumbani, nikaibeba ngozi na kibuyu cha samli, nikamkuta Bruda na sindano mkononi, kana kwamba alikuwa ananingoja. Tumeshona hadi alasiri. Ngosha alipoita mara ya kwanza nililia mbele ya kwaya nzima.

Tafadhali puuza namba moja hadi tano. Ila Jumatatu uje. Andika kumi na mmoja zizini, na Ngosha, yuko kanisani, mzima.