Ukurasa wa Pili wa Wasifu wa Mzee Abeid

Jamani, leo nimewafedhehesha wafiwa ndani ya nyumba yao, na uso wangu sina pa kuuficha.

Ninyi mlio Maskati mwaukumbuka ule mchezo wetu wa hadithi. Mmoja anasimulia, wenziwe wanakuwa mashujaa, kete zinaamua nani afe. (Ndiyo, bado twacheza. Nina miaka thelathini na mitatu na ndevu.) Safari hii nilitunga kisa kwa kufuata hekaya za kale za Ulaya, za wapanda farasi wenye nguo za chuma walioapa kuwatetea wajane na mayatima. Badi ndiye shujaa wetu mkuu. Tulipanga kucheza Ijumaa.

Jumatatu babake Badi, Mzee Abeid, akafariki. Alikuwa mwendesha winchi Kilindini, na kwangu mimi ni mzazi. Moyo ulisimama ghafla, akinywa chai kwa nduguye mdogo, Mzee Twahir.

Badi akanijia ofisini, macho mekundu. "Wewe una taipureta na una maneno. Niandikie wasifu wa baba, kisha uusome wewe. Mimi sauti haitatoka."

Nikapiga kurasa mbili huku nalia. Nikazitia kwenye bahasha ileile ya karatasi za mchezo. (Mwenye akili angesita hapo.)

Leo alasiri, baada ya hitima, nyumba yao ya Mji wa Kale ilifurika. Wanaume ukumbini, wanawake nyuma ya pazia. Mbele yangu kaketi Mzee Twahir. Tangu maziko, funguo zote za nyumba ile ziko mfukoni mwake, na watu walishaanza kunong'ona: chai ile ilikuwa na nini?

Nikasimama. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Wazee wakatikisa vichwa. Mimi mwenyewe machozi yalinijaa, maandishi nayaona kwa taabu. Nikachomoa ukurasa wa pili na kuendelea kwa sauti ileile ya huzuni:

"Asubuhi hiyo nduguye mdogo akamtilia sumu kikombeni, apate kuirithi ngome yake."

Mdomo ulitangulia, akili ikafuata kwa miguu.

Kikombe cha kahawa kikaanguka. Kisha nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mjane, Bi Rukia: "Yarabi! Kumbe na nyinyi mwajua?"

Ukumbi mzima ukalipuka! Mzee Twahir akasimama. "Mimi nimuue ndugu yangu? Nani kakutuma wewe?"

"Si wewe, ami! Ni bwana wa ngome!"

"Ngome gani?" akauliza maalim aliyeongoza hitima. "Hii yetu ya Mji wa Kale?"

Ikanibidi nieleze. Farasi. Nguo za chuma. Kete.

"Kete?" Maalim akafunga macho. "Mwamchezea maiti kamari?"

(Kila nikifafanua, nazidi kuzama.)

Badi akaninyang'anya bahasha. Nikadhani atanipiga, na ningekubali. Akapekua karatasi mpaka akaupata ukurasa wa kweli. "Ni mchezo wetu, ami. Wallahi ni mchezo tu," akasema. Kisha akasoma, kwa ile sauti aliyosema haitatoka:

"Tangu astaafu, haikupita asubuhi asiende kwa nduguye Twahir. Alikuwa akisema, chai ya peke yangu hainipiti kooni."

Mzee Twahir akaketi. Akavua kofia, akajifunika nayo uso, akalia kama mtoto. Hakuna aliyejua pa kutazama. Alipotulia akatoa funguo, akazipitisha chini ya pazia. "Chukua, shemeji. Nilikuwa nakuchungia tu." Upande wa pili kikasikika kilio.

Nikajaribu kumbusu Mzee Twahir mkono. Akaniachia niubusu, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, siku ya arubaini, wewe usije."

Badi akanisindikiza mpaka mlangoni. Hakucheka. "Na muuaji nishamjua," akasema. "Utunge kisa chengine."

Nawaombeni msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia, basi kwanza amsomee Mzee Abeid fatiha, kisha ndio acheke.