Farasi Anayegeuka kwa Makongoro

Butiama. Jumatatu, 3 Juni 2024

Daktari wa Musoma ameniambia niweke mambo yangu sawa. Kijana mwenye adabu. Hakutaja kaburi.

Jambo langu ni moja: barua ya mwaka 1968, inayomwita rafiki yangu Makongoro kwenye chuo cha ualimu. Mimi ndiye niliyetumwa kuichukua misheni. Sikuifikisha. Kama asingetokea, nafasi ingekwenda kwa wa pili kwenye orodha. Wa pili nilikuwa mimi. Miaka hamsini na sita naitwa Mwalimu Amos. Yeye amechunga ng'ombe.

Nitaipeleka mwenyewe kabla sijafa. Miguu imekataa, na bodaboda si chombo cha toba. Mjukuu wangu Debora ana farasi wa kutembeza wageni vilimani. Nitakwenda kwa farasi!

Jumanne, 4 Juni

Farasi hana utulivu. Njia nzima mpole. Tulipouona mkalitusi wa kwa Makongoro, akatikisa kichwa, akatafuna lijamu, akachimba ardhi kwa kwato, akageuka. Barua imerudi mfukoni mwangu.

Nimegundua: njaa. Kesho kutwa nampa muwa.

Alhamisi, 6 Juni

Muwa ameumaliza. Akageuka palepale. Makongoro alikuwa langoni, akacheka mpaka akaegemea fimbo. Akauliza kama mnyama huyo namfundisha kutembea kinyumenyume. Ati ng'ombe wake hawajasoma, lakini kwenda mbele wanajuaga.

Hawajasoma! Sikulala mchana wote.

Nimegundua: ni kelele za Makongoro. Nimeagiza pamba Bunda.

Ijumaa, 7 Juni

Pamba safi, masikio yote mawili ya farasi. Akageuka. Debora akanishusha, akapanda yeye. Farasi akapita pale kama mama anayekwenda kupokea komunyo.

Debora akaniambia farasi hana kosa. Ni mimi. Tukikaribia pale nabana magoti na kuvuta hatamu, naye anaisikia hofu yangu mikononi. Nilegeze tu. Kisha akauliza, taratibu, kwa Mzee Makongoro kuna nini?

Nikamwambia kuna mbwa mkali.

Hakuna mbwa.

Jumapili, 9 Juni

Makongoro amekuja mwenyewe! Kwa miguu, na samaki sato wawili wakavu kutoka Kibara. Amesikia naumwa. Akaketi kando ya kitanda, akanitania kwamba nimeshindwa na punda mrefu. Macho yake yana ukungu siku hizi, hasomi tena. Mkono wake ukagusa bahasha kwenye shuka. Akauliza ni barua gani, akaomba nimsomee. Alisema hupenda sana nikisoma. Ujanani alitamani kuwa mwalimu kama mimi, ila Mungu hakuandika.

Mungu aliandika. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu.

Nikaifungua. Macho kwenye barua, nikamsomea tarehe za chanjo za farasi, za kubuni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wanyama wa siku hizi wanatunzwa vizuri. Akaniombea kifo chema, akamwombea na farasi utulivu, akaenda zake.

Nililia mpaka sato alionipikia Debora wakapoa sahanini. Kisha akili ikanijia. Kosa lilikuwa la farasi tangu mwanzo! Mnyama mwerevu kupita kiasi. Anasikiliza mikono ya mtu.

Nimemwambia Debora anitafutie punda.