Kuku Wangu Alikuja Msafi, Mkamkataa

Kwa Mkuu wa Maabara ya Magonjwa ya Mifugo, ambaye pia ni kitinda mimba wangu,

Natumai u mzima na unakula. Naandika kiofisi kwa sababu na wewe ulinijibu kiofisi: "Sampuli haifai." Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali nirekebishe kimyakimya, usimsomee mkeo.

Kuku wangu wanakufa, unajua. Nusu ya banda imekwisha, na hao waliobaki ndio wanaoniamsha asubuhi tangu ulipohama nyumbani. Nina malalamiko yafuatayo.

1. Yule aliyekufa nilimleta mwenyewe. Nilimtia maji ya moto, nikamnyonyoa, nikatoa matumbo, nikamsugua kwa limau, nikamfunga kwenye taulo jipya, maana nilijua anakwenda kwa wasomi. Dada wa mapokezi akafunua, akasema, "Mama, huyu amebakiza chumvi tu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ili isionekane kwamba ni mimi ninayechekwa.

2. Nikaambiwa mlichotaka ni matumbo, bandama na koo, yaani vile nilivyokwisha kufukia nyuma ya choo. Mwanangu, nilipokupeleka zahanati ukiwa na surua nilikuogesha, nikakupaka mafuta, nikakuchana nywele, na daktari aliiona surua vilevile. Kumbe kuku ni mgumu kuliko mtu?

3. Sasa mnasema nilete mgonjwa aliye hai, mumchinje, mumpasue angali wa moto, mpake kipande chake kwenye kioo, mkitazame kwa darubini, ndipo mjue wenzake wanaumwa nini. Kwa utaratibu huo, homa ikiingia kwetu utaanza na nani? Shangazi yako ndiye anayekohoa zaidi. Tangu nimweleze habari hii, anakohoa kwa kujificha.

4. Mimi bila darubini namtazama kuku usoni na kujua anaumwa. Anaumwa nini, hapo ndipo sijui. Niliwapa maji ya majivu, wakafa. Nikawapa vidonge vyangu vya presha, nusu nusu, wakafa wametulia. Usinigombeze, nimeshajigombeza.

Kwa hiyo naomba maabara yako ipokee kuku waliooshwa, iwapime kwa kuwatazama na kuwauliza wenyewe wanaowafuga, na isimguse aliye hai. Nadhani hilo si kubwa kwa watu wenye mashine zote zile.

Nisalimie mkeo, na dada wa mapokezi ambaye nimemsamehe, na mlinzi aliyenishikia mlango, na yule bwana niliyemwona akitoka chumba cha kupasulia. Huyo mwambie anawe hadi kwenye viwiko.

Ni mimi niliyekuzaa, na sasa nakulalamikia kwa heshima zote,

Mama

Nyongeza: Usihangaike kunijibu kwa barua. Niko kwenye benchi, nje ya mlango wako. Yule mwekundu, anayetaga kuliko wote, ameamka leo shingo imepinda, anahema mdomo wazi. Yumo kwenye boksi pamoja na kinyesi chake chote. Wenzake bado wanakula. Mchukue upesi, mwanangu, mpasue. Mimi nitatazama ukutani.