Ebitooke vya Kwenye Simu

Rugemalira alimsikia Bi Klaudia akilalamika nje ya kanisa, pale Kibeta, kwamba harusi ya mwanawe imebaki wiki mbili na mpishi hajapatikana. Akasogea kwa upole wa malaika mwenye ujumbe.

"Mama, nina kampuni ya mapishi. Kesho nakuletea picha za kazi zetu."

Kampuni hakuwa nayo. Hata sufuria hakuwa nayo. Alikuwa na ulimi, na simu yenye akili mnemba ya kuchora picha. Akaiandikia: "Ndizi na maharage." Simu ikamchorea ndizi mbivu za njano, zimechomekwa kwenye bakuli la maharage kama pembe za ng'ombe.

Akamkimbilia Dativa, mama lishe wa jirani, aliyepika ebitooke, ndizi za Kihaya, kila siku.

"Dada, ebitooke vikiiva sawasawa vinakuwaje?"

"Njano iliyopauka, si ya kung'aa. Vimelainika, havijapondeka. Maharage yamepasuka ganda, mchuzi umeshikana. Jani la kufunikia limebabuka, linatoa mvuke pembeni. Kwani hujawahi kula?"

"Ni utafiti tu."

Akaandika neno kwa neno. Safari hii picha ilitoka ya kumtoa mtu udenda. Bi Klaudia alipoiona alikaribia kuilamba simu.

"Ndiyo yenyewe, waitu! Malipo ni baada ya watu kushiba. Ila mbuzi na ndizi nitakuletea mapema."

Hapo ndipo Rugemalira alipotaka. Visiwani Muleba wavuvi hawalimi migomba. Mikungu arobaini na mbuzi watatu vingegombaniwa mwaloni, kwenye soko la samaki, naye angetoweka na pesa. Akaomba mzigo uwekwe uani kwa Dativa hadi Ijumaa.

Bi Klaudia aliuleta mwenyewe. Dativa akamuuliza ni wa nani.

"Wa mpishi wetu, Rugemalira."

"Mpishi? Yule aliyekuja kuniuliza ndizi iliyoiva inafananaje?"

Bi Klaudia akakaa juu ya mkungu. Wakanong'ona Kihaya kwa muda mrefu, kisha wakacheka mpaka mbuzi wakashtuka.

Ijumaa asubuhi Rugemalira alifika na pikapu ya kukodi. Uani akakuta wanawake ishirini wa kwaya, moto umekolea, na ngozi tatu za mbuzi zimeanikwa uzioni.

"Mpishi wetu huyo!" Bi Klaudia akapiga vigelegele. "Na gari ameleta!"

Dativa akamtuma dereva wa pikapu akalete kuni kutoka kijiji cha Kaagya. Kisha akamkabidhi Rugemalira kisu na kumwonyesha mikungu. Rugemalira akatazama mlango; wanakwaya wanne, wanene kwa neema ya Mungu, walikuwa wameukalia. Akaanza kumenya.

Harusi ilifana. Wageni walikula wakalamba vidole, na kabla ya keki familia mbili zilikuwa zinamtafuta mpishi.

Rugemalira akajitokeza, mikono myeusi tii kwa utomvu, akikohoa kidogo ili asikike vizuri.

"Ndiye huyu?" mgeni mmoja akauliza.

"Huyu?" alisema Dativa, akiandika namba za wateja wake wapya. "Hapana. Huyu ni mmenyaji."